Homa ya moteri: mafuta ya mashua yapimwe mahali gani?



Safari hii hatutasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya vumbi la mgodi. Tutasema juu ya mashua. Wengi kati yenu mna mashua, ao mmeweka franka katika mashua ya ndugu. Mmoja anavua samaki katika ziwa Tshangalele upande wa Likasi, mwingine anavua Nzilo karibu na Kolwezi. Mwingine ametuma moteri yake Kasenga, Kilwa ao Pweto ili imletee samaki wa kuuza. Mwingine anangoja pensio tu, kisha aende kukaa Kalemie ao Moba na kusafirisha watu na mizigo. Hiyo ni mali ya jasho la miaka mingi. Tena si mali peke yake: katika mashua ile mnapandisha pia bibi na watoto wenu.

Basi kuna ulizo moja ambalo mafundi wanabishana juu yake: kipimo cha moto wa mafuta ya moteri kiwekwe wapi? Wamoja wanasema chini katika karteri. Wengine wanasema kwenye kichwa cha filtri. Wengine wanasema kwenye tiyo inayotoka katika kipozaji cha mafuta. Na wako wale ambao hawaweki kipimo popote; wanagusa moteri na mkono, halafu wanasema: "Iko sawa, twende."

Mimi ni msaidizi wa munganga, si fundi wa moteri. Lakini kupima homa ni kazi yangu ya kila siku. Na mtu akimwagikiwa mafuta ya moto, sisi wa dispansere ndio tunamfunga bandeji. Kwa hiyo ninasema mawazo yangu wazi: kama mashua yako ina kipimo kimoja tu cha mafuta, kiweke katika karteri, mahali mafuta yanapokusanyika kabla ya kupozwa. Tafadhali someni sababu zangu, kisha mpime ninyi wenyewe.

(Maneno haya ni ya moteri za mazutu na za esansi zenye karteri ya mafuta. Moteri ndogo za nyuma za mapigo mawili, zile zinazochanganya mafuta na esansi, hazina karteri ya namna hiyo.)

HOMA INAFUATA MAHALI PA KUPIMIA

Mama analeta mtoto. Tunampima chini ya kwapa, tunasoma 37,6. Tukimpima kwa njia ya nyuma dakika ile ile, tunaweza kusoma 38 na zaidi. Kipimo hakikudanganya. Mtoto ni yule yule. Mahali ndipo pamebadilika. Kwa hiyo mwuguzi mwenye akili, akipewa namba, anauliza kwanza: "Ulipima wapi?"

Moteri ni vile vile. Pompi inavuta mafuta katika karteri. Katika moteri nyingi inayasukuma kwanza katika kipozaji, kisha katika filtri, kisha katika njia kubwa inayoyagawa kwa kusine za vilbreke na sehemu zingine. Yakiisha kupita kati ya vyuma na chini ya pistoni, yanaanguka tena katika karteri, yamebeba moto wa mwili mzima wa moteri. Katika dakika moja, moteri ile ile inaweza kuonyesha degre 108 katika karteri na degre 95 baada ya kipozaji. Mafundi wawili wanaweza kugombana siku nzima juu ya namba hizo mbili, na wote wawili wanasema kweli.

SABABU GANI MASHUA INADAI KIPIMO CHA MAFUTA

Wengine watasema: "Kamyo yangu haina kipimo cha mafuta, ina cha maji tu, na inatembea." Kweli. Lakini mashua si kamyo. Kamyo inapanda mlima, kisha inashuka na moteri inapumzika. Mashua haina mteremko. Tangu kutoka bandarini mpaka kufika, inasukuma maji kwa nguvu ile ile, kama kamyo yenye mzigo inayopanda mlima saa nzima bila kupumzika. Tena chini ya kamyo kuna upepo unaopoza karteri. Katika mashua moteri imefungiwa ndani ya sanduku, na upepo haufiki pale. Moteri ya kamyo iliyotiwa katika mashua bila kupewa kipozaji cha mafuta ni kama mtu aliyevalishwa koti nzito na kutumwa kukimbia saa sita mchana.

Kipimo cha maji ni kizuri, lakini hakitoshi. Mara ingine majani ao mfuko wa plastiki unaziba tundu la kuvuta maji ya ziwa. Maji ndani ya moteri yakipungua, kipimo kinabaki katika hewa na mvuke, na namba yake haiaminiki tena. Na kuna jambo jingine. Maji yakichemka katika tangi iliyo wazi, moto wake haupandi tena. Katika nchi yetu ya juu yanachemka hata kabla ya degre 100: Kolwezi iko mita 1.400 na zaidi juu ya bahari, na pale maji ya sufuria yanachemka karibu na degre 95. Moteri ndogo zenye tangi la maji lililo wazi zinabaki hapo hapo, unaona namba haibadiliki, unafikiri ni amani. Kumbe mafuta hayachemki namna hiyo. Yanaendelea kupanda: 110, 120, 130. Maji yamenyamaza, mafuta yangesema kama mngeyauliza.

Mafuta yakipata moto mno yanakuwa membamba kama maji. Presyo inashuka. Ngozi nyembamba ya mafuta inayotenganisha chuma na chuma inakatika, kusine zinaliwa, moteri inashikana. Tena mafuta yenyewe yanazeeka upesi: mafundi wa kemia wanahesabu kwamba, kila yakipanda degre 10 juu ya kiasi, kuharibika kwake kunakuwa karibu mara mbili. Moteri ikishikana barabarani, unashuka na kusukuma. Ikishikana katikati ya ziwa Tanganyika, ambalo lina zaidi ya kilometre 600 kwa urefu na mita 1.470 kwenda chini, mashua isiyo na nguvu inageuzwa ubavu na mawimbi, na hapo sharti mwombe Mungu.

TUTAZAME MAHALI MMOJA MMOJA

Karteri. Hapa mafuta yamebeba moto wote. Ikiwa moteri inaumwa, yaani mzigo ni mkubwa mno, maji hayapiti vizuri, kipozaji kimeziba, karteri itaonyesha. Lakini kuna masharti. Ncha ya kipimo ilale ndani ya mafuta wakati wote. Mashua inapokimbia, pua inainuka na mafuta yanakimbilia nyuma ya karteri. Tena moteri nyingi za mashua zimefungwa zikiinama nyuma tangu mwanzo. Ukiweka ncha upande wa mbele na juu, itabaki katika hewa wakati ule ule unapoihitaji. Iweke chini na upande wa nyuma, lakini isiguse tope la chini, na isigongwe na vilbreke inayozunguka. Watu wengi wanatumia tundu la kumwagia mafuta. Ni vizuri, kama mkono unafika pale na kama bulo halikai katika maji machafu ya chini ya mashua. Maji hayo yanapoza ncha na kula nyuzi.

Tiyo inayokwenda kwenye kipozaji. Kwa mashua ambayo karteri yake haifikiwi, hapa ni mahali pa pili kwa uzuri. Mafuta ni yale yale ya karteri, na yanatembea daima. Lakini ncha ikae katikati ya mwendo wa mafuta. Ukiiweka katika kitawi kirefu ambamo mafuta yamesimama, utasoma namba ya uongo iliyo chini ya kweli.

Kichwa cha filtri. Ni rahisi kufika, ndiyo maana mafundi wanakipenda. Lakini uliza kwanza: katika moteri hii, filtri inakuja kabla ya kipozaji ao nyuma yake? Katika nyingi inakuja nyuma. Basi unasoma mafuta yaliyokwisha kupozwa.

Ganda la nje la karteri, kwa kile kipimo cha kushika mkononi chenye mwanga mwekundu. Kinasaidia kulinganisha leo na jana. Lakini kinasoma ngozi ya chuma, hakisomi mafuta, na chuma kinachong'aa kinakidanganya sana. Ni kama kugusa paji la uso la mtoto na kiganja: inaonyesha kitu, lakini haitoshi kwa kutoa dawa.

NENO LA WALE WANAOKATAA

Mafundi wenye elimu watanijibu: "Kusine zinakunywa mafuta yaliyotoka katika kipozaji. Basi tupime pale, kwa maana ndiyo yanayolinda vyuma." Jibu hilo lina nguvu, na sitalificha. Katika meli kubwa wanapima kweli mafuta yanapoingia katika moteri. Lakini meli kubwa ina vipimo mahali pengi, na ina fundi anayevitazama zamu kwa zamu. Wewe una kipimo kimoja na dreva mmoja anayetazama pia mawimbi, nyavu na abiria. Mafuta yaliyotoka katika kipozaji yanakuonyesha dawa imefanya kazi kiasi gani. Hayakuonyeshi homa yenyewe. Kipozaji kizuri kinaweza kuficha moteri inayoumia, na siku kinapochoka, shida zote zinakuja pamoja. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wenye mali, ninawaambia hili kwa heshima: wako wanaopenda kipimo kiwekwe baada ya kipozaji kwa sababu namba pale inapendeza. Mnunuzi akija, anaona 90, anafurahi. Abiria akichungulia, haogopi. Kipimo hakikufanywa ili kipendeze watu.

Kama mna franka za kutosha, wekeni viwili: kimoja katika karteri, kingine baada ya kipozaji. Tofauti kati yao itawaambia hali ya kipozaji. Tofauti ikipungua wiki kwa wiki na karteri ikipanda, kipozaji kinaziba. Na kama kitabu cha moteri kinataja mahali na namba zake, fuateni kitabu. Msichukue namba ya karteri mkaitumia kwa filtri. Namba na mahali ni mapacha.

KIPIMO KIMOJA HAKIONI YOTE

Nisiwadanganye: kipimo cha karteri kinasoma mafuta yote yaliyochanganyika. Kusine moja ao pistoni moja inaweza kuwaka moto peke yake kabla mafuta yote hayajapanda. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 1947, meli Reina del Pacifico ilikuwa ikijaribiwa baharini karibu na Irlande ya Kaskazini. Pistoni ilipata moto mno, moshi wa mafuta ndani ya karteri ukalipuka, na watu 28 walikufa. Tangu misiba ya namna hiyo, meli zenye moteri kubwa sana zinadaiwa kuwa na vyombo vinavyonusa moshi huo ao vinavyopima moto wa kusine.

Moteri yenu ni ndogo, lakini funzo linabaki. Ukisikia mlio mpya, ukaona moshi unatoka katika tundu la kupumulia ao presyo inashuka, usingoje namba. Punguza mwendo, zima. Tena usikimbilie kufungua kizibo cha mafuta wala mlango wa karteri wakati moteri ina moto mkali: hewa mpya ikiingia juu ya moshi wa mafuta inaweza kuuwasha. Acha ipoe kwanza.

NAMBA ZA KUSHIKA KICHWANI

Kama kitabu cha moteri hakipo, na kipimo kiko katika karteri, hizi zinaweza kuwaongoza kwa mafuta ya kawaida:

Kati ya degre 90 na 110: moteri inafanya kazi vizuri.

Ikipita 120: punguza mwendo, tazama maji yanatoka nje kwa kiasi gani, tazama mzigo.

Ikikaribia 130: usiendelee na safari. Rudi ufukoni polepole, ao zima ikiwa ni salama kuzima.

Ikibaki daima chini ya 80: usifurahi. Maji na mazutu yaliyoingia katika mafuta hayatoki, yanafanya tope. Baridi pia ni ugonjwa.

Kumbukeni kwamba mafuta yanachelewa kupata moto kuliko maji. Dakika za kwanza hazihukumu kitu. Fanyeni kama sisi na karatasi ya homa kitandani pa mgonjwa: chukueni daftari, andikeni tarehe, mzigo, mwendo, moto wa maji, moto wa mafuta, presyo. Moteri ambayo kila siku inasoma 98 na leo inasoma 112 kwa mzigo ule ule, inaumwa, hata kama 112 haiko mbali na kiasi.

TUSIUNGUE KWA KUPIMA

Sasa ninarudi katika kazi yangu. Wengine wanapima kwa kufungua bulo la karteri moteri ikiwa moto, ao kwa kutumbukiza kipimo katika tundu la kijiti huku mashua inacheza. Msifanye hivyo. Chuma chenye degre 60 kinaunguza ngozi mpaka ndani kwa sekunde 5 hivi. Chenye degre 70 kwa sekunde moja tu. Mafuta ya degre 110 ni mabaya kuliko maji ya moto, kwa kuwa yanashika ngozi na hayakimbii. Kipimo kifungwe moteri ikiwa baridi, na saa yake iwekwe mbele ya macho ya dreva, si chini ya kifuniko.

Angalieni pia tiyo. Ekzosti isiyopozwa na maji inaweza kupita degre 400. Sheria za kimataifa za meli, zinazoitwa SOLAS, zinaagiza kufunika kila mahali panapopita degre 220 ambapo mafuta yanaweza kumwagika. Kiungio cha kipimo kinachovuja na kurusha mafuta juu ya ekzosti ni kiberiti. Mwezi wa 4 mwaka 2025 chombo HB Kongolo kiliwaka katika mto Congo karibu na Mbandaka. Habari zilisema moto ulianza pale mtu alipokuwa akipika. Moto ule haukutoka katika mafuta ya moteri, lakini unatufundisha kwamba katika maji hakuna mlango wa kukimbilia.

Mtu akiungua: zima moteri, umtoe karibu na moto. Mwagieni maji safi yasiyo ya moto kwa dakika 20. Kama yako ya ziwa tu, yatumieni, ni afadhali kuliko kungoja; kisha mtuambie dispansere ili tusafishe kidonda. Mvulieni pete na nguo, lakini nguo iliyoshikana na ngozi iacheni. Funikeni na kitambaa safi. Msipake dawa ya meno, majivu, unga, wala mafuta ya moteri. Mafuta yaliyotumika yana uchafu unaoweza kuleta kansa ya ngozi kwa mtu anayeyagusa siku nyingi. Hayawezi kuwa dawa ya kidonda.

NENO LA MWISHO KWA WENYE MASHUA

Kipimo kilichowekwa vizuri bila dreva mwenye uhuru ni pambo tu. Ukimwambia dreva, "Usifike kesho, samaki wataoza," atatazama 125 na kufumba macho. Mwambie mbele ya abiria: "Ikipita 120, wewe ndiwe mkubwa, punguza mwendo, sitakukata franka." Na ninyi mama mnaopanda na mizigo ya samaki na mihogo, mkisikia dreva amepunguza mwendo, msimpigie kelele. Mwulizeni tu: "Mafuta yako degre ngapi, na unapima wapi?" Akijua kujibu maulizo hayo mawili, kaeni na amani: mko katika mikono ya mtu anayejua kazi yake.